Umewafungulia wangapi?

(Hii ni ile hotuba ya Jumamosi. Wengi mmeniomba niiandike maana rekodi ya simu ilikuwa inasikika feni tu. Nimeandika vilevile nilivyoongea, sijapiga pasi sana.)

Wakubwa shikamooni. Wadogo zangu, mambo. Asanteni kwa kunialika na asanteni kwa ile mihogo, imenikuta sijala tangu alfajiri, kwa hiyo nikianza kusinzia katikati mjue ni shibe.

Mmeniambia niongelee ujasiriamali, na mi hilo neno huwa linanichosha kidogo, maana siku hizi kila mwenye maikrofoni ni mjasiriamali, ukimuuliza unauza nini anakwambia anauza semina. Mi nauza spea. Beringi, klachi, brekipedi, cheni za pikipiki, vitu vya kushika mkononi vinavyoacha grisi kwenye kucha. Kwa hiyo nimeomba niwaongelee watu niliowajua kwa sababu ya hizohizo spea, Waigbo wa kusini mashariki mwa Nigeria, na we ulieanza kucheka huko nyuma na mambo ya muvi na matapeli wa mtandaoni, naomba nusu saa yako tu.

Mara ya kwanza naenda Guangzhou kule China nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki dukani kwa muuza beringi nasubiri oda yangu ipakiwe. Pembeni yangu kuna mzee wa Nnewi, mji wa Waigbo, umri kama wa baba yangu mdogo, ana daftari limefungwa na raba bendi. Simu yake ikalia mara nne ndani ya saa moja na kila akimaliza kuongea anacheka. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kubangaiza, mzee, hao wateja? Akasema hapana, vijana wangu, mmoja yuko Ladipo kule Lagos, mmoja Onitsha, mmoja yuko Ghana, wanataka tuchangie kontena. Mi nikadhani ni waajiriwa wake. Akasema we, waajiriwa gani, kila mmoja ana duka lake, mi ndo nimewafungulia. Akaanza kuwahesabu kwa vidole, vidole vikaisha akarudia mkono wa kwanza, alipofika kumi na moja akaacha, akanigeukia akaniuliza: na wewe je, umewafungulia wangapi?

Nikajibu kitu kuhusu soko kuwa gumu.

Sasa ule utaratibu wenyewe wanauita igba boi. Hilo boi ni boi hilohilo unalolijua, limetoka kwa Mwingereza, kama wazee wetu walivyokuwa wanasema fulani ni boi kwa mzungu. Lakini kwao limegeuka maana. Mzazi au mjomba anamtafuta mfanyabiashara anayefahamika, mara nyingi wa kijiji hichohicho au wa ukoo, familia mbili zinakaa, inavunjwa kola, ile kokwa yao ya kutafuna kwenye heshima, wanakubaliana miaka, inaweza kuwa mitano, sita, hata nane. Mshahara hakuna. Kula, kulala, nguo na matibabu ni kwa bosi, wao wanamwita oga. Na mwisho wa miaka ile oga anampa kijana mtaji wa kuanza maisha, mbele ya watu walewale walioshuhudia siku ya kwanza. Kuna na utaratibu mwingine unaitwa imu ahia, huo mzazi ndo analipa kijana afundishwe biashara kwa muda mfupi, na mwisho hakuna wa kumdai mwenzie. Ila mi nauongelea ule wa kwanza.

Mwaka wa kwanza kijana hagusi mzigo. Anafua, anaosha gari, anapeleka watoto shule, anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Unaweza kuona ni utumwa na kuna waliofanyiwa utumwa kweli, ntakuja huko. Lakini mzee yule alinieleza kwamba ule mwaka ni wa kumsoma mtu, kama anakula chenji ya mkate basi atakula na ya kontena. Mwaka wa pili anaingia dukani, anafagia, anabeba maboksi, na anaanza kujua vitu kwa mkono. Wenye spea mnanielewa. Beringi namba 6301 na 6202 ukimpa mgeni anasema ni kitu kimoja, kijana wa kazi anaishika tu kiganjani anakwambia hii sio, tundu la hii ni kubwa zaidi. Alafu kuna kitu wanaita oso ahia, mteja kaja anataka kitu ambacho huna, unamwambia kaa mzee wangu kunywa maji, unatoka mbio unaenda kwa jirani unachukua bila hela, unarudi unauza kwa bei yako, jioni unampelekea jirani yake. Mawinga wa Kariakoo naona mnatabasamu. Tofauti ni kwamba winga wa kwetu anazeeka winga, yule wa Onitsha ana tarehe yake ya kutoka.

Miaka ya mwisho anashika hela, anatumwa kununua mzigo, anajua wateja kwa majina na anajua nani halipi. Siku ikifika wanahesabu stoo, wanaita familia, kijana anapewa hela, mara nyingine analipiwa na kodi ya fremu, anapewa na mzigo wa kukopa. Alieingia na begi moja anatoka mwenye duka. Na duka hilo, sikilizeni hapa, linaweza kuwa milango mitatu kutoka kwako, anauza unachouza, anawajua wanaokuletea mzigo, anawajua wateja wako kuliko unavyowajua wewe. Yani umemlea mshindani wako miaka saba, na mwisho ukampa na mtaji.

Mi hapo ndo niligoma kuelewa. Mtu mwenye akili zake timamu afanye hivyo kwa nini? Nimekaa na hilo swali miaka mingi na nimesoma soma historia yao usiku nikikosa usingizi, na jibu langu, ni langu mtu asije akanilaumu, ni kwamba Waigbo wameiona pesa ikifa. Tena zaidi ya mara moja. Watu walioona pesa ikifa hawaiweki akiba kwenye pesa, wanaiweka kwa watu.

Ngoja nianze mbali kidogo. Wiki ya Kiigbo ina siku nne, Eke, Orie, Afo na Nkwo, na hizo ni siku za soko. Kijiji hiki kina soko la Eke, kile cha pili Afo, kwa hiyo mtu mwenye miguu anaweza kuzunguka kila siku akakuta soko limechangamka mahali. Sisi tuna Juma na Hamisi na Jumanne, sio? Wao Okeke ni mtoto wa kiume wa siku ya Eke, Okafor wa siku ya Afo, Okonkwo wa Nkwo, na mabinti wana Mgbeke na Mgbafor. Yani jina la mtu ni siku ya soko. Alafu tunashangaa.

Na sehemu kubwa ya nchi yao haikuwa na wafalme, Onitsha na Nri walikuwa nao wa aina yao lakini kwingine ni wazee wa ukoo, marika na watu waliojipatia vyeo kwa mali yao wenyewe. Cheo kama ozo unakilipia, unalisha watu, unagawa. Nyumbani mwanaume alikuwa na kinyago chake kinaitwa ikenga, kina pembe, mkono wa kulia kimeshika panga, maana mkono wa kulia ndo wa kutafutia. Mtu hakuzaliwa mkubwa, alitafuta akawa mkubwa.

Biashara ya mbali nayo ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 jamaa mmoja anaitwa Isaiah Anozie alikuwa anachimba shimo la kuhifadhia maji nyumbani kwake Igbo-Ukwu, akakuta vyombo vya shaba. Baadae kuanzia 1959 akaja mtaalamu Thurstan Shaw kuchimba vizuri, wakatoa vyombo vya shaba vilivyomiminwa kwa kalibu ya nta kwa ustadi ambao hata leo fundi anakuna kichwa, na shanga zaidi ya 165,000. Vya karne ya 9 hivi. Shaba ilipatikana hukohuko upande wa Abakaliki, lakini shanga za kioo nyingi zilitoka mbali, zimepita mikono ya Afrika Kaskazini. Hakuna reli, hakuna bandari, hakuna Mzungu, na shanga zimefika kijijini katikati ya msitu. Mtu alizibeba, na alizibeba kwa sababu kuna mtu wa kumuuzia.

Wahunzi wa Awka nao walikuwa wanasafiri, wanaondoka na vijana wao, wanapiga kambi mji wa watu miezi, wanatengeneza majembe na visu na kengele, wanarudi kwao. Hao vijana waliokuwa wanavuta mivukuto ndo naona mababu wa maboi wa leo.

Na kuna Waaro, watu wa Arochukwu. Hapa sitawadanganya. Waaro walijenga mtandao wa biashara wa kutisha, makazi yao yametapakaa Igbo yote na nje yake, wanakopeshana, wanalindana, wana mzimu wao Ibini Ukpabi ambao watu walikuwa wanapeleka kesi, na aliyeshindwa kesi ilisemekana ameliwa na mzimu kumbe ametokea upande wa pili anauzwa pwani. Biashara yao kubwa ilikuwa watu. Mwingereza aliwapiga 1901 mpaka 1902. Mi huwa nawasikia wenzetu wakihubiri juu ya ubunifu wa Waafrika wanairuka hii sehemu, mi siwezi kuiruka, maana na kwetu huku misafara ilipita Tabora na Bagamoyo na tunajua ilibeba nini. Mtu anaweza kuwa hodari wa biashara na biashara yenyewe ikawa haramu.

Turudi kwenye pesa. Waigbo wa kaskazini na wa kando ya mto Niger walikuwa wanatumia kauri, sisi wengine tunaziita simbi. Zamani zilitoka Maldives, ndogo ndogo, za thamani. Miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg wakagundua kwamba pwani yetu huku, Zanzibar, kuna kauri nyingine kubwa kidogo na za bei ya kutupa. Kampuni kama O'Swald, ambayo wazee wa Unguja walikuwa wanaijua vizuri, zikawa zinazipakia kwa shehena, meli inazunguka mpaka Afrika Magharibi, wanazibadilisha na mafuta ya mawese. Mnaona? Yani kombe zilizookotwa na watu wetu ufukweni ndo zikaenda kuwa noti kule. Na ukimwaga noti bila hesabu unajua kinachotokea. Gunia la kauri lilihesabiwa 20,000, thamani ikaporomoka mpaka ikafika mahali gharama ya mbebaji inakula alichobeba. Mtu alieweka chungu cha kauri chini ya kitanda kwa ajili ya wanae akawa ameweka chungu cha kombe.

Kusini yao walikuwa wanatumia manila, bangili za shaba zenye umbo la kwato. Hizo zilidumu mpaka juzijuzi tu, serikali ya kikoloni ikazikusanya kuanzia Oktoba 1948 mpaka Machi 1949, zaidi ya milioni 30, na kuanzia Aprili ikawa basi. Ulieficha ukachelewa, una chuma chakavu.

Sasa katikati ya hayo kuna mtu mmoja lazima nimtaje. Jaja wa Opobo. Alizaliwa Amaigbo mwaka 1821 hivi, akiwa kama wa miaka kumi na mbili akauzwa utumwani Bonny, mji wa mto na mawese. Bonny kulikuwa na kitu wanaita nyumba, sio nyumba ya kulala, ni kama kampuni na ukoo kwa pamoja, na mtumwa mwenye akili ya biashara alikuwa anapewa mzigo wa kukopa, akifanya vizuri anapanda. Jaja akapanda. Mkubwa wa nyumba yake akafa akaacha madeni makubwa kwa wazungu, wenye haki ya kurithi wakaogopa deni wakakaa kando, Jaja akasema nipeni, akalilipa lote ndani ya miaka michache. Mwaka 1869 baada ya vita vya nyumba na nyumba akahama na watu wake akaanzisha Opobo, mahali pa kuziba mlango wa mito inayoleta mawese kutoka Igbo. Wazungu wa Bonny wakabaki wanatazamana. Na hakuishia hapo, akaanza kupeleka mawese yake mwenyewe moja kwa moja Liverpool.

Hilo ndo halikusameheka. 1887 balozi wao Harry Johnston akamwita kwenye meli ya kivita kwa mazungumzo, akamhakikishia usalama, akapanda, akakamatwa, akapelekwa uhamishoni visiwa vya Karibi. Alifia Tenerife 1891 akiwa njiani kurudi kwake. Huyo Johnston ndugu zangu wa Uganda mnamjua, ndo huyohuyo alieenda kusaini ule mkataba wa Buganda wa 1900. Dunia ndogo. Mwingereza aliehubiri soko huria alimfunga mtu kwa sababu alikuwa anashinda sokoni, sina la kuongeza.

(Hapo dada mmoja mstari wa tatu akanyoosha mkono, akauliza na wasichana je, au boi ni wa kiume tu. Swali zuri, lilinitoa kwenye karatasi yangu.)

Dada umeuliza penyewe. Igba boi kwa sehemu kubwa ni ya wavulana, wasichana wachache sana, na hilo ni pengo. Lakini soko lenyewe kwa miaka mingi lilikuwa la akina mama. Onitsha walikuwa na mama mkuu wa soko anaitwa Omu. Na mama wa Kiigbo akikasirika, muulize Mwingereza. Novemba 1929 pale Oloko alitumwa mtu kuhesabu watu na mali, bei ya mawese imeshuka, watu wana wasiwasi, akamkuta mama mmoja anaitwa Nwanyeruwa yuko kwenye kazi ya kukamua mawese, akamwambia ahesabu mbuzi wake na kondoo wake na watu wake. Mama akamuuliza, mama yako alihesabiwa? Wakashikana. Baada ya hapo matawi ya mchikichi yakaanza kupita mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, ndo ilikuwa meseji yao, na njia zilezile mama alizokuwa anazipita kwenda sokoni ndo habari ilizopita, ndani ya wiki chache maelfu ya wanawake wako barabarani mpaka Aba na Opobo. Askari wakapiga risasi, wanawake zaidi ya hamsini wakafa. Kwa hiyo mtu akikwambia biashara ya Waigbo ni wanaume na makontena, mwambie hajui ilikotoka.

Nakimbia kidogo muda unaisha. Mkoloni akaleta reli, makaa ya mawe ya Enugu yakaanza kushuka Port Harcourt 1916, Waigbo wakapanda treni hiyohiyo kwenda upande wa pili, kaskazini, Kano, Kaduna, Jos, wakawa makarani, mafundi, wenye maduka. Kila mji waliofika walianzisha chama cha watu wa kijiji chao, wanachanga, wanasomesha, wanazika. Matajiri wakatokea. Louis Odumegwu Ojukwu wa Nnewi alitajirika na malori, akaja kuwa rais wa kwanza wa soko la hisa la Lagos. Mtoto wake ndo Ojukwu yule mnaemjua, aliekuja kuiongoza Biafra.

1966 wakauawa kaskazini kwa maelfu, zaidi ya milioni wakakimbilia kwao wameacha maduka, nyumba, madeni ya wateja. Mei 1967 wakajitenga na Nigeria, wakatangaza nchi yao, Biafra, vita vikaanza. Wazee mliopo hapa mnakumbuka, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, Mwalimu alisema serikali inayoshindwa kuwalinda watu wake haiwezi kuwadai utii, ndivyo nilivyomwelewa mimi. Yule mzee wa Guangzhou aliposikia natoka Tanzania aliniamkia mara ya pili. Aliniambia yeye alikuwa mtoto, anakumbuka jina la Nyerere kabla hajajua Tanzania iko wapi.

Vita vikaisha Januari 1970, wamekufa kati ya milioni moja na tatu, wengi kwa njaa. Na hapa pesa ikafa tena. Biafra ilikuwa na noti zake, zikawa karatasi za kufungia karanga. Aliekuwa na hela benki kabla ya vita akaambiwa utapewa pauni 20. Ulikuwa na 100, pauni 20. Ulikuwa na 50,000, pauni 20. Port Harcourt nyumba zao zikahesabiwa mali iliyotelekezwa. 1972 serikali ikatoa sheria kwamba makampuni ya kigeni yauze hisa kwa wazawa, na Mwigbo wa pauni 20 akanunulie nini?

Sasa fikiria we ndo mfanyabiashara mwaka huo. Benki huna, dhamana huna, nyumba imekaliwa. Una nini? Una jina lako kijijini na una watoto wa ndugu zako wanaotaka kula. Ndo igba boi ikapanda kutoka mila ya baadhi ya watu ikawa njia kuu ya watu wote, oga mmoja anachukua vijana wawili, baada ya miaka sita ni maduka matatu, kila mmoja anachukua wawili wake, piga hesabu mwenyewe kwenye simu. Ndani ya kizazi kimoja Onitsha imesimama, Ariaria kule Aba mafundi wanashona viatu ambavyo mwanzo waliona aibu wakawa wanabandika nembo ya Italia, Lagos wakashika Alaba kwa vifaa vya umeme na Ladipo kwa spea. Hakuna benki iliyofanya hivyo.

Nnewi ndo mji ninaoupenda. Walianza kuagiza spea, wakawa wanaenda Taiwan, wakawa wanaziwekea majina yao, kisha miaka ya 80 fedha za kigeni zikawa shida wakajiuliza kwani hiki kitu kinatengenezwaje, wakaita mafundi wa Taiwan waje kuwafundisha, viwanda vikaota mtaa kwa mtaa. Innocent Chukwuma aliingia kwenye biashara ya spea za pikipiki akiwa kijana baada ya kukosa chuo, akajifunza kwa wengine, akafungua yake, akafika kwenye pikipiki zenyewe, na 2010 kiwanda chake cha magari kikafunguliwa hukohuko Nnewi. Innoson. Kutoka kwenye kuuza cheni. Mi nauza cheni mpaka leo.

Sasa ile nilioahidi. Kuna oga anaemfukuza kijana mwaka wa sita, mwezi mmoja kabla ya kumfungulia, kwa kumsingizia wizi. Ipo, tena sio kidogo. Na kuna kijana anaeiba kweli, anajifungulia kimyakimya duka la pembeni kwa mzigo wa bosi. Karatasi hakuna, mahakamani utapeleka nini. Kilichokuwa kinaibana ile ahadi ni kijiji. Desemba Waigbo wanarudi kwao, barabara ya daraja la Niger inafunga kwa foleni, na oga aliemdhulumu mtoto wa watu atakutana na mama yake kanisani, atakutana na wazee waliokula kola. Lakini oga akianza kuchukua vijana asiowajua kwao, na kijana akiona rafiki yake kanunua gari kwa miezi mitatu ya mtandaoni, ile dhamana inalegea. Wapo wanaoanza kuandikishana siku hizi. Mi naona sawa, ingawa karatasi haiwezi kumwangalia mtu usoni kama mama.

Namalizia na yangu. Nilikuwa na kijana dukani. Alikuja kwangu na ndala, akakaa miaka mitano, alikuwa anajua stoo kuliko mimi, ukimwamsha usiku ukamwambia 6301 anakwambia zimebaki ngapi. Siku moja akaniambia bosi nataka kujitegemea. Nilimpa nauli na shati. Kweli kabisa, nauli na shati, na nilijiona mkarimu, na jioni ile nikamwambia mke wangu hawa vijana hawana shukrani.

Juzi nilipokuwa naandaa haya maneno nikamtafuta. Namba yake ya zamani haipatikani, nikaipata kwa fundi mmoja. Yuko Mbeya anauza makava ya simu mezani. Nikamwambia nataka tukae, mimi na yeye na mama yake, tuhesabu ile miaka mitano. Akanyamaza muda mrefu nikadhani chaji imeisha. Alafu akacheka, akaniuliza bosi, kwani bado unaweka birika la chai juu ya maboksi ya beringi? Maana nilikuwa nakwambia kila siku, mvuke unaleta kutu.

Bado naliweka. Ananipigia Jumatatu.